Beringi Ndani ya Majani ya Mgomba

Kijana fundi aliyekuja nyumbani kwangu mwezi uliopita alinikuta nimeshatoa gurudumu la mbele la kulia. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, gari la marehemu baba limeinuliwa kwa jeki na kuegemezwa mawe, na mikono yangu imejaa grisi mpaka kwenye viwiko. Alisimama akanitazama. Alikuwa ameitwa kubadilisha beringi za mbele za gari kuukuu, na hakutegemea kumkuta nyanya wa watu ameshaianza kazi. "Shosho, hiyo niachie mimi," alisema. Nikamwambia alete mafuta ya taa na aache maneno.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekusudia kumwachia. Mgongo wangu si wa kuchezea siku hizi. Lakini asubuhi ile nilifungua kopo la grisi nione kama bado inafaa, na harufu yake ikanishika palepale nilipokuwa nimeinama. Ni harufu nzito, ya mafuta na chuma kipya. Nikawa mtoto wa miaka minane tena, niko Chechelesi, mjini Isiolo, nimeshika karai kwa mikono miwili, nami najua jambo ambalo wanaume wawili wazima walio mbele yangu hawajalijua. Baada ya hapo sikuweza kukaa nikimngoja fundi.

Mkiwa rika langu na mlikulia Isiolo, miaka ya shifta hamhitaji kuelezwa. Kwa ambaye alikuwa hajazaliwa, hiyo ilikuwa vita kati ya serikali na wapiganaji waliotaka upande wa kaskazini ujitenge, na wapiganaji hao ndio tuliowaita shifta. Sisi watoto hatukujua mambo ya mipaka. Tulijua kwamba jua likikaribia kuzama kila mtu yumo ndani, kwamba gari halitoki mjini peke yake bali kwa msafara wenye askari mbele na nyuma, na kwamba ukiona ganda la risasi njiani usithubutu kulileta nyumbani. Hilo la mwisho tulifundishwa kwa kiboko. Mtaa wa pili kutoka kwetu baba mmoja alichukuliwa kwa sababu mwanawe alikutwa na ganda moja, tena tupu, akilipuliza kama filimbi. Mama alinisimulia kisa hicho mara nyingi mno hata nikawa naogopa misumari.

Sisi ni Wameru. Baba alikuwa karani katika ofisi ya mifugo, mtu wa kaptura zilizopigwa pasi mpaka mkunjo wake ungeweza kukata nyanya. Gari lake lilikuwa dogo, la kijivu, lenye boneti ya mviringo, alilolinunua kwa daktari wa mifugo Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Alilipenda kupita kiasi. Mama alikuwa akiliita mke mwenzangu, na Jumapili akimwona baba akilifuta vumbi kwa kitambaa laini, alimuuliza kama mke huyo amekunywa chai.

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya Baba Kabale. Alikuwa Mborana, mrefu, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili wake. Alikuwa amefanya kazi ya lori miaka mingi, kwanza utingo, kisha dereva, na alijua kutengeneza gari kwa kulisikiliza tu. Vita vilipoanza hakuna aliyempa tena lori. Mborana au Msomali hakutoka mjini bila pasi, yaani kibali cha serikali, na dereva asiyeweza kutoka mjini ni dereva wa nini? Akawa anashinda nyumbani akitengeneza taa za chemli na baiskeli za watu. Binti yake Kabale alikuwa rafiki yangu. Tulikula popote njaa ilipotukuta, kwao au kwetu. Mimi Baba Kabale aliniita intala, yaani binti kwa Kiborana, vilevile alivyomwita Kabale, na akiita hivyo uani tuliitika wote wawili.

Mama yake Baba Kabale, ambaye sote tulimwita Ako, alikuwa Garbatulla. Wafugaji wa huko walikuwa wamekusanywa katika kijiji kimoja chenye uzio wa waya na walinzi, na mifugo ya Ako, iliyozoea kuchungwa hadi upande wa Gotu, ilikuwa imekwisha. Macho yake nayo yalikuwa yamekwisha. Habari zilizofika kwetu ni kwamba mpwa aliyekuwa akimtunza alifariki, na sasa alikuwa akilishwa na majirani ambao wenyewe hawakuwa na kitu. Siku habari hizo zilipofika, Baba Kabale alikuwa akitengeneza taa yetu. Aliiweka chini, akaiokota, akaiweka chini tena, na hakuimaliza siku hiyo.

Baba alimwandikia barua za kuomba ruhusa ya kwenda kumchukua mama yake. Aliandika nyingi, kwa mwandiko wake mzuri wa kikarani, akizipeleka ofisi hii na ile. Ofisini kwake walimwonya asijitie katika mambo ya Waborana wakati kama ule, kwamba jina likishaandikwa mahali halifutiki. Nilimsikia akimwambia mama, na mama akamuuliza, "Na huyo mama mzee ana kosa gani?" Baba akaandika nyingine. Mwishowe pasi ikatoka. Ilitaja gari moja, kwa namba yake, baba akiwa dereva na Baba Kabale abiria, waende na msafara wa Jumatatu na warudi na mama huyo katika msafara wa Jumatano. Jumatatu hiyo ikipita, pasi ingekuwa karatasi tu.

Ni wiki hiyohiyo gari likaanza kunguruma. Baba Kabale alipanda, akamwambia baba aendeshe mpaka uwanjani. Akamwambia akate kushoto, mngurumo ukazidi. Akamwambia akate kulia, ukapungua.

"Ni hii gurudumu ya kulia," alisema. "Beringi imekufa. Hii haifiki Garbatulla, bwana karani. Itashika njiani."

Hakuna aliyehitaji kueleza maana ya kushika njiani. Msafara haukungoja gari bovu.

Beringi hazikupatikana Isiolo. Aliyetumwa kuzitafuta Meru alikuwa mjomba Kirimi, kaka yake mama, aliyeleta miraa mjini karibu kila siku. Leo najua alichofanya, na ni jambo la akili sana. Kwenye vizuizi vya barabarani kila chuma kiliulizwa, kikageuzwa, kikapelekwa kwa mkubwa, na mtu angeweza kushinda hapo hadi jioni akieleza spana. Lakini miraa askari waliijua, wengine wakiipenda kuliko ilivyotakiwa, na hawakufungua bunda la mtu waliyemzoea. Kwa hiyo mjomba aliziweka beringi katikati ya bunda, akalizungushia majani ya mgomba na kulifunga kwa kamba kama mabunda mengine yote. Ijumaa alilileta moja kwa moja kwa Baba Kabale, ili azikague. Nilikuwa nimekaa kwenye ua wetu.

"Usifungue hapa njiani," mjomba alimwambia, akatazama huku na huku. Baba Kabale alilipokea kwa mikono miwili na akaingia nalo ndani.

Mimi ni mtoto wa watu wa miraa. Kabla sijajua kusoma nilijua mambo mawili kuhusu miraa, na yote mawili yalinisumbua palepale. La kwanza, Baba Kabale hali miraa. Mjomba alimtania sana kwa hilo. La pili, miraa huliwa siku ileile. Inakatwa alfajiri, inafungwa kwenye majani ya mgomba isinyauke, na kila anayeishika anakimbia. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweka bunda nyumbani alilaze. Sasa Jumamosi mama alinituma kwao kurudisha chekecheo, nikakuta hakuna mtu sebuleni. Kabale alikuwa ameenda chuoni kusoma Kurani na mama yake alikuwa nyuma ya nyumba akifua. Pazia la chumbani lilikuwa limefungwa pembeni. Chini ya kitanda niliona lile bunda, majani yake yameanza kukauka kwenye ncha.

Nililifungua. Sitajitetea. Ndani, katikati ya vijiti vya miraa vilivyonyauka, kulikuwa na vifurushi viwili vya karatasi yenye mafuta, kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Nilifungua kile kikubwa. Kilikuwa na pete nzito ya chuma, na kuizunguka pete hiyo vipande vya chuma vinavyong'aa, virefu kidogo, vyembamba upande mmoja, vimepangwa bega kwa bega. Nilikuwa nimeona vitu vilivyopangwa hivyo. Juu ya magari ya askari kulikuwa na bunduki kubwa, na kutoka kwenye bunduki hizo ulining'inia mshipi wa risasi, moja baada ya nyingine, zikimeta juani. Huu ulikuwa mdogo. Nikafikiri shifta wana mishipi midogo kwa sababu wanatembea kwa miguu.

Kila kitu kililingana: bunda la mtu asiyekula miraa, kuambiwa asifungue njiani, kuwekwa chini ya kitanda. Nataka niseme wazi nilichofikiri, maana nimekikwepa kwa miaka mingi. Sikufikiri labda. Sikumtafutia udhuru. Mtu aliyeniita binti, aliyenikata kucha pamoja na Kabale, nilimwona shifta kwa muda usiotosha kufunga kamba ya kiatu. Halafu nikafikiri jambo la pili: askari watakuja, watainua kitanda, watamchukua, na Kabale atakuwa kama wale watoto wa mtaa wa pili.

Nilisikia ndoo ikiwekwa chini huko nyuma. Nikalifunga bunda haraka haraka, kifurushi kidogo kikiwa ndani pamoja na ile karatasi tupu, nikalirudisha chini ya kitanda. Ile pete kubwa niliificha ndani ya sweta. Nilitembea mpaka kwetu nikiwa nimekumbatia tumbo kama mgonjwa, nikaingia chooni, nikaitupa kwenye shimo. Ilianguka kwa kishindo kidogo, na mimi nikatoka nje nikiwa mwepesi. Nilikuwa nimemwokoa. Jumapili asubuhi kanisani niliimba mpaka mama akanifinya.

Baada ya chakula cha mchana walianza kazi uani kwetu. Baba alikuwa bado na shati lake jeupe la kanisani, maana alipenda kutazama kazi za grisi akiwa mbali kidogo. Mimi nilipewa karai la mafuta ya taa nilishike karibu. Baba Kabale alitoa gurudumu, akabandua kofia ndogo ya bati, akanyoosha pini na kuichomoa, akafungua nati. Aliongea na gari wakati wote kwa Kiborana, taratibu, jinsi watu wanavyosemesha ngamia akikamuliwa. Kisha alivuta lile drami zito la breki likaja lote mikononi mwake. Aligonga kwa nyundo na kipande cha chuma, mara tatu, mara nne. Kitu kikavunjika ndani, na vipande vikaanza kudondokea kwenye karai langu, kimoja kimoja.

Vilikuwa virefu kidogo, vyembamba upande mmoja.

"Ona," alimwambia baba, akiinua pete nyeusi iliyovunjika. "Hata nyumba yake imepasuka. Tungekufa na hii. Sasa hakuna kurudi nyuma, mpaka mpya iingie."

Niliitazama ile pete. Ilikuwa ileile, ila hii ilikuwa imechakaa, na ilikuwa imetoka ndani ya gurudumu la baba yangu. Nikaelewa nilichokitupa. Baba Kabale alifuta mikono, akasema, "Intala, shika karai vizuri, naleta ingine," akaenda kwao. Ni hatua kama thelathini kwenda na thelathini kurudi. Sijawahi kungoja kitu kirefu namna hiyo, na nimezaa watoto wanne.

Alirudi na bunda, akalifungua juu ya gunia. Vijiti vikavu vya miraa vikamwagika. Kifurushi kidogo kikatoka. Kisha ikatoka ile karatasi ya mafuta, tupu. Aliigeuza. Akapekua majani moja moja. Akapekua tena.

"Ijumaa zilikuwa mbili," alisema. "Nimeona kwa macho yangu."

"Bunda lilikuwa wapi?" baba aliuliza.

"Kwangu. Chini ya kitanda."

"Nani ameingia?"

"Hakuna mtu. Ni sisi tu."

Baba alitazama gari lililolala juu ya mawe, kisha akatazama saa yake, ingawa saa haikuwa na la kusema. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa ya ofisini. "Bwana Dida," alisema, na hakuwa akimwita jina hilo kamwe, "chuma haina miguu. Mimi nimeweka jina langu kwa hiyo karatasi. Ofisini waliniambia. Waliniambia nisijiingize kwa mambo ya watu hawa."

"Watu gani, bwana karani?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai.

Labda ningeweza kunyamaza kama baba angekasirika kwa kelele. Kelele nilizizoea. Lakini nilimwona Baba Kabale akiikunja ile karatasi tupu mara mbili, mara nne, kwa uangalifu, na kuitia mfukoni, kama mtu anayejiandaa kuondoka mahali na hatarudi. Nikasema, "Ni mimi."

Wote waligeuka.

"Niliitupa. Iko chooni."

"Chooni?" baba alisema, akiniita binti kwa Kimeru. "Mwari, chooni kwa nini?"

"Nilidhani ni risasi." Kulia kukanianza hapo na maneno yakatoka yote pamoja. "Nilidhani askari watakuja, wamchukue Baba Kabale."

Baba Kabale alichuchumaa mbele yangu, akanitoa karai mikononi, akaliweka chini. Uso wake ulikuwa karibu kabisa. "Wewe ulifikiri mimi ni shifta?" aliuliza, kwa sauti yake ile ndogo.

Ningeweza kusema hapana. Nilitikisa kichwa kukubali.

Hakunigusa. Alisimama akaenda kwenye ndoo kunawa mikono ambayo ilikuwa bado na kazi. Alinawa muda mrefu akiwa ametugeuzia mgongo. Nilijua nimevunja kitu, na nilijua hakikuwa beringi. Hakuna kipigo nilichowahi kupata kilichoniuma kama ule mgongo.

Alipogeuka alikuwa amekunja mikono ya shati. "Mama ni yangu," alimwambia baba. "Mimi nitaitoa."

Baba akaanza kufungua vifungo vya shati lake jeupe. Alivifungua vyote, akalivua, akampa mama. "Choo ni yangu," alisema. "Na mtoto ni wangu. Na maneno ile nimesema, pia ni yangu. Wewe kaa chini, Baba Kabale. Kunywa chai."

Choo chetu kilikuwa kipya, kimechimbwa kwenye ardhi ngumu, na hakikuwa kimejaa. Hayo ndiyo mambo mawili mazuri ninayoweza kuyasema juu yake. Baba aling'oa mabati mawili ya paa ili mwanga uingie. Mama alileta kioo chake cha kujitazamia, akakishika juu ya kichwa akilenga jua lishuke ndani ya shimo, huku ameziba pua kwa ncha ya leso. Baba alilala kifudifudi, karani mzima wa serikali, na waya mrefu uliopindwa ncha kama ndoana. "Kushoto," alikuwa akisema. "Mama, kushoto! Huo ni ukuta unanimulikia." Mama naye akamwambia kama anataka taa nzuri akaombe ofisini. Kisha akaanza kucheka, na akicheka mwanga nao ulitetemeka, baba akazidi kufoka. Nilimwona Baba Kabale akiinamisha uso kwenye kikombe. Mabega yake yalikuwa yakicheka.

Ilichukua muda mrefu. Waya ulinasa, ukaachia, ukanasa tena. Ilipotoka baba aliiinua juu, na wote watatu walipiga yowe moja ambalo lilimfanya jirani wa nyuma achungulie juu ya ua. Aliona alichokiona. Hakuuliza.

Iliogeshwa maji, sabuni, maji tena, mafuta ya taa, petroli, na mafuta ya taa tena. Jua lilikuwa limeshuka, na kabla ya saa ya kafiu, ya kila mtu kuwa ndani, gari lilitakiwa lisimame kwa miguu yake. Hapo Baba Kabale aliniita. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya tangi la maji.

"Intala. Lete mkono."

Alichota grisi akaiweka katikati ya kiganja changu, akanipa ile beringi. "Sukuma hapa. Mpaka itoke upande hii ingine. Kila moja lazima ipate." Nilisukuma. Mikono yake ilikuwa juu ya yangu mwanzoni, kisha akaiondoa. Nilijaza mpaka kila kipande kilipopata, naye akaikagua kwa ukucha, pote, bila haraka. Hakunifundisha lolote jingine siku hiyo, na wala hakutaja tena yale ya risasi. Aliziingiza beringi zote mbili, akarudisha drami, akakaza nati, akailegeza kidogo, akatia pini mpya. Gurudumu liliporudi mahali pake alilizungusha kwa mkono.

"Sikiza," aliniambia.

"Sisikii kitu."

"Ndiyo hiyo."

Jumatatu waliondoka na msafara. Siku tatu hizo nilikuwa nikiomba Mungu kila nilipopita chooni, mahali ambapo sidhani panafaa. Jumatano alasiri niliona vumbi, kisha boneti ya mviringo, na mtu mdogo amekaa kiti cha mbele, kichwa chake hakifiki kwenye kioo. Baba Kabale alimteremsha amembeba. Ako alikuwa mwepesi, ngozi na mifupa na shanga. Watu walikusanyika, Kabale akilia na kuruka, na mimi nikasimama nyuma ya watu wote. Baba Kabale akaniita. Alimwambia mama yake jambo kwa Kiborana, kisha akanigeukia akanifasiria: "Nimemwambia ni wewe ulipaka gurudumu grisi."

Ako alinyoosha mikono hewani mpaka akaipata yangu. Akaifungua viganja, akavitemea mate kidogo, wazee wa kwao wanavyobariki, akavifunga tena. Nilitaka ardhi inimeze. Kiganja alichokibariki ndicho kilichoitupa beringi.

Aliishi nao miaka mingine mingi, na kila nilipoenda kwao alinishika mikono hiyohiyo. Baba Kabale aliendelea kuniita intala. Hakubadilika hata kidogo, na hilo lilinitesa, kwa sababu nilikuwa nikimtazama kila siku nione mahali alipoumia. Kwa Kabale sikusema kamwe. Tulikua, tukaolewa, tukatumiana picha za wajukuu kwa simu, na sikusema.

Mwezi uliopita Kabale alinipigia kuniambia baba yake amefariki, mzee kabisa, usingizini. Nikaamua kwenda kumpa pole kwa gari la baba na si kwa jingine lolote, na ndiyo sababu ya beringi mpya na fundi aliyenikuta na grisi viwikoni. Mlima wote kutoka Meru kushuka Isiolo niliendesha nikiwa nimezima redio.

Nilimkuta Kabale amekaa kwenye mkeka na wanawake wengine. Walipopungua nilimwambia yote, kuanzia chekecheo. Nilimwambia kwamba nilimwona baba yake shifta, na kwamba aliponiuliza nilikubali mbele ya macho yake. Nilisema nikitazama mkeka.

"Lakini mimi najua," Kabale alisema.

"Unajua nini?"

"Yote. Alituambia jioni ileile, mimi na mama. Alikuwa amekaa hapo mlangoni." Akaonyesha. "Mama alikasirika, akasema huyo mtoto anakula hapa na anatuwaza hivyo. Baba akamwambia anyamaze. Akasema, 'Huu mji umejaa watu wanajua mimi sina kosa, na wakiniona wanavuka barabara. Huyu mtoto aliona niko na kosa, na akanificha.' Alikuwa analia. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akilia."

Miaka sitini nilikuwa nimelitazama jambo lile kutoka upande mmoja tu. Kabale aliivuta mikono yangu mapajani mwake, akaitazama, akaanza kunichokoa kucha kwa ukucha wake.

"Hata hujanawa vizuri," alisema. "Unakuja kwa matanga na grisi."

Baadaye alinisindikiza nje mpaka kwenye gari. Alilizunguka, akagusa boneti, kisha akafungua mlango akaketi kiti cha mbele, kile alichokaa nyanya yake. Akasema nimpeleke mpaka kwenye kona tu, nimrudishe, asije akasemwa na wageni. Nikawasha. Tulipofika kwenye kona nilikata kushoto, kwa nguvu, gari lote likaegemea gurudumu la kulia.

"Sikiza," nilimwambia.

Tukasikiliza wote wawili.